Tuliyemwacha Milimani

Nyumba yetu ya Bondeni na ya mama mdogo zilitenganishwa na ukuta mmoja mwembamba. Hakuwa ndugu ya mama kwa damu. Walikutana palepale, wote wawili wakiwa wameletwa Nakuru na waume zao kutoka magharibi, wageni katika zile nyumba za kaunsili zenye bomba moja la maji nje. Lakini tulimwita mama mdogo, na alikuwa mama mdogo kweli. Chumvi ikiisha kwetu, mama aligonga ukuta kwa mwiko, na kabla sufuria haijachemka chumvi ilikuwa imefika.

Baba alifanya kazi kiwandani. Mama alishona nguo. Mume wa mama mdogo alikuwa dereva wa lori la mtu, kisha akapata lake, kuukuu, lililokuwa likiharibika kila mara. Halafu likaja la pili, halafu gereji kule Mai Mahiu, mahali malori hupumzika kabla ya kuupanda mlima. Sisi watoto tuliona tu sofa mpya ikiingia mlango wa pili, na nyama ikikaangwa siku ambazo si Jumapili. Nilipokuwa sekondari, wakahamia Milimani, mtaa wa matajiri palepale mjini.

Siku ya kuhama, wanawake wa kanisa letu walibeba magodoro wakiimba mpaka lori likajaa. Mama mdogo alilia kama msichana anayeolewa.

"Alhamisi mtakuja kwangu," alisema akijifuta macho. "Zamu yangu iko vilevile. Mkikosa kuja nitawafuata."

Alhamisi ilikuwa siku ya ushirika. Mchana, wanawake walikutana katika nyumba ya mmoja wao, kwa zamu, wakasoma Neno, wakaomba, wakanywa chai. Kabla ya maombi kila mmoja alitaja mzigo wake. Mtoto anaumwa. Mume amerudia pombe. Mama mkwe amekuja na hasemi ataenda lini. Walicheka, walilia, na hakuna aliyeficha kitu, maana kwa kuta zile usingeficha hata ungetaka.

Zamu ya mama mdogo ilipofika, nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nangoja matokeo, kwa hiyo nikaandamana na mama. Tulipanda kwa miguu mpaka kwenye zile barabara zenye miti mikubwa na nyua za michongoma zilizokatwa sawasawa. Askari akatufungulia geti. Mbwa walikuwa wamefungwa, lakini walibweka mpaka tukaingia. Mlangoni wanawake wote wakavua viatu, ingawa mama mdogo alikuwa akisema, "Ingieni tu, jamani, ingieni na viatu!" Mwenyekiti wa ushirika, mama mnene mwenye sauti nzuri ya kuimba, alikaa kwenye ukingo wa sofa kama mtu anayengoja kuitwa na daktari.

Mama mdogo alikuwa amempa msichana wake wa kazi ruhusa mchana ule, akapika mwenyewe. Chai katika chupa kubwa, mandazi, viazi vitamu. Alikuwa akienda jikoni na kurudi, uso umejaa furaha, akimuuliza kila mtu habari za watoto kwa majina yao.

Mwenyekiti akafungua Neno. Lilikuwa lile la kijana tajiri aliyemwendea Yesu na kuuliza afanye nini apate uzima, akaambiwa auze alivyo navyo awape maskini, akaondoka na huzuni. Mpaka leo sijui kama mwenyekiti alilichagua au ndilo lililofuata katika masomo yao.

"Ni ngumu, ndugu zangu," alisema alipomaliza. "Ni ngumu sana. Sisi wengine Mungu ametuepushia huo mtihani."

Wanawake wakacheka kidogo, wakaitika amina. Mama pia aliitika.

Mama mdogo alikuwa amesimama na sinia mkononi. "Naweza uliza kitu?" alisema. "Huyo kijana alienda akiwa na huzuni. Si ndivyo?"

"Ndivyo."

"Na wale watu wote walikuwa hapo na Yesu, hakuna hata mmoja alimfuata amuulize ni nini?"

Mwenyekiti akautazama ukurasa. "Haijaandikwa."

"Ndiyo nashangaa," mama mdogo akasema, akaweka sinia chini.

Wakati wa kutaja mizigo ulifika. Mwenyekiti alizunguka kwa mmoja mmoja kama kawaida. Alipofika kwa mwenye nyumba, akatabasamu. "Wewe dada yetu, kwako ni shukrani tu." Akapita kwa aliyefuata. Nilimwona mama mdogo akifungua mdomo, kisha akaufunga.

Tukiteremka kurudi, wanawake walipumua kama waliotoka kwenye mtihani. Walizungumza juu ya mapazia. Mmoja akauliza, "Sasa mtu kama huyo utamwombea nini?" Ilionekana kwamba ni kweli hakuna la kuombea.

Zamu yake nyingine mvua ilinyesha. Iliyofuata, mtu alikuwa na msiba. Halafu mwenyekiti akasema tusimsumbue dada, ni mbali, na wenzake wakakubali. Mama mdogo alishuka Bondeni mara chache kuhudhuria kwa wengine. Watoto walilizunguka gari lake, na ndani alipewa kiti kizuri kuliko vyote, kikapangusiwa vumbi kwanza. Lakini maneno yalibadilika akiingia. Watu walitaja mizigo midogo midogo, ile ya heshima. Mwishowe akaacha kuja.

Kanisani alikuwa akikaa nasi kwenye mabenchi ya nyuma mpaka mchungaji alipomhamishia mbele. Mabati yalipohitajika, au spika, aliombwa asimame tumwone. Alisimama, tukapiga makofi. Vitu alivyokuwa navyo tulijua vizuri vina kazi gani. Yeye mwenyewe ndiye hatukujua tumweke wapi.

Mwaka ambao kiwanda kilimwachisha baba kazi, nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka chuoni. Mama alikuwa ameinamia cherehani sebuleni, anamalizia sare za shule. Mama mdogo akatokea mlangoni. Hakuwa na gari wala dereva. Alikuwa amekonda, lakini wanawake wa Milimani nilidhani hukonda kwa kupenda. Mkononi alikuwa na mfuko wa unga, sukari na mafuta, kama mtu yeyote anayekwenda kumtembelea mwenzake.

Mama aliutazama ule mfuko kabla ya kumtazama mwenyewe.

"Dada, sisi bado tunakula," alisema. "Mungu hajatusahau."

"Najua. Sikuleta kwa sababu hiyo. Nimekuja tu kukaa."

"Karibu ukae. Ila niko na hizi nguo, wenyewe wanazitaka leo."

Akakaa. Nikapika chai. Mama akaendelea kukanyaga cherehani, na mlio ule ukajaza chumba. Mama mdogo aliunyoosha mkono akaugusa ukuta, upande uliokuwa kwake zamani.

"Kule kwangu hata ugonge namna gani hakuna mtu anasikia," alisema.

Mama hakuinua macho. Aliniambia baadaye kwamba alidhani mwenzake anajisifu kwa ukubwa wa nyumba.

Chai ikaisha. Mama mdogo akasimama, akajifunga leso yake vizuri. "Mniombee," alisema.

"Wewe?" Mama alicheka, na hakikuwa kicheko kibaya. "Uombewe nini na Mungu amekupa kila kitu?"

"Basi tu. Mniombee."

Alipoondoka, mama akanituma niupeleke ule mfuko kwa mjane aliyekaa mwisho wa laini yetu ya nyumba. "Sisi si watu wa kuhurumiwa," akasema, akarudi kwenye sare zake.

Mvua kubwa zilipokwisha, mchungaji alitangaza kwamba dada yetu amelala. Ugonjwa ulikuwa umemla kwa muda mrefu tumboni, na hospitali alikuwa akienda peke yake. Mumewe alikuwa na familia nyingine Mai Mahiu, na kwa miaka hakulala Milimani isipokuwa kwa nadra. Watoto walikuwa wakisoma mbali. Haya yote tuliyajua matangani, tumekaa kwenye yale masofa, safari hii hakuna aliyetuomba tusivue viatu.

Msichana wa kazi ndiye aliyemwambia mama lile lililomvunja. "Siku za kwanza kila Alhamisi alikuwa anapika chai mingi, ile chupa kubwa. Anakaa hapa. Jioni ananiambia nimwage."

Mama alitoka nje, akasimama karibu na tangi la maji, akalia kwa sauti ambayo sijaisikia kwake tena, hata baba alipofariki.

Sasa mama anakaa nami. Nina nyumba yangu pembeni mwa mji, si kubwa, lakini maji yako ndani. Mwaka jana, tukichambua maharagwe mchana, alianza kusema bila mimi kumuuliza.

"Nilikuwa nikisikia maskini ni heri, naitikia kwa nguvu. Nilijua ni mimi naitwa. Sikuwa na kitu, kwa hiyo nikaona mbinguni ni kwetu kama vile Bondeni ni kwetu." Alitupa jiwe dogo kando. "Siku ile alikuja na unga, nani alikuwa maskini mle ndani? Yeye aliomba aombewe. Mimi sikuwa na la kuomba kwa mtu. Nilikuwa nimejaa."

"Hukujua, mama. Hakukuambia anaumwa."

"Sikumuuliza."

Nimesikia mahubiri mengi, ya wanaosema mali ni baraka na ya wanaosema mali ni mtego, na kote watu walipimwa kwa vilivyo nyumbani mwao. Sijasikia yanayomhusu mwanamke anayemwaga chai jioni.

Aliniomba nimpeleke kwenye kaburi la mama mdogo. Tulisafiri hadi kwao mumewe, magharibi, na wazee wa boma wakatupokea vizuri sana, wakatukamatia kuku. Kaburi liko kando ya mahindi. Limejengewa vigae, na vingine vimeshaanza kubanduka. Mama alipiga magoti kwa shida, akaomba kwa muda mrefu. Sikusikia maneno, nami sikusogea karibu nisikie.

Tukirudi aliangalia mashamba ya chai yakipita. Tulikuwa tumeshapita Molo aliponiuliza kama nina njaa. Nikasema ninayo, nikasimamisha gari, tukanunua mahindi ya kuchoma kando ya barabara, tukala pamoja.