Mwalimu Asiyeshika Chaki

Jua la mchana linachoma juu ya mwalo mmoja wa kuchenjulia dhahabu, nje kidogo ya mji wa Katoro, mkoani Geita. Chini ya turubai, Bernadina ameinamia kikaango kilichokaa juu ya jiko la mkaa. Ndani yake kuna kidonge cha rangi ya fedha, hakizidi punje ya hindi. Ni dhahabu iliyokamatishwa kwa zebaki. Zebaki ikishaungua na kupaa, itabaki dhahabu.

Hana barakoa. Amejifunga kanga puani na kuyafinya macho kuukwepa moshi.

"Mwalimu, usije ukalala hapo, broka anasubiri!" anapaza sauti Kudra, mwenzake anayeosha mchanga kwenye karai.

Mwalimu si jina la utani. Bernadina, mwenye umri wa miaka 33, mzaliwa wa Ushirombo, ana shahada ya ualimu katika Jiografia na Kiswahili. Ameomba jina la ukoo wake lisiandikwe, kwa sababu mwezi ujao ataingia tena kwenye usaili wa ajira ya ualimu, na ana jambo ambalo hataki wasaili walijue mapema.

Anaunyoosha mkono wa kulia mbele yake. Unatetemeka. Anaushika kwa mkono wa kushoto ili autulize, nao unatetemeka.

Alipomaliza kidato cha sita na kupata nafasi chuo kikuu, mkopo haukutosha. Kila likizo ndefu alirudi huku kutafuta ada. Kazi ya kuchoma zebaki hakuiomba, alichaguliwa.

"Wengine walikuwa wanamwaga zebaki. Mimi mkono wangu ulikuwa umetulia kabisa," anasema. "Tajiri mwenye mwalo akasema, huyu mayu ndiye awe anachoma." Mayu, kwa Kisukuma, ni mama.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Bernadina aliinama kwelikweli. Moshi wa kikaango ukamlipia shahada. Alihitimu mwaka 2017, akaomba ajira, akasubiri. Mwaka ukapita, ukaja mwingine. Akazaa mtoto, Evance, na baba wa mtoto akaenda Kahama asirudi. Kikaango kilikuwa palepale.

Kutetemeka kulianza na kikombe cha chai. Kisha sahihi yake kwenye karatasi ikaanza kupinda. Daktari mmoja alimpima, akamwambia ni zebaki, na kwamba aache kazi hiyo mara moja.

"Nikamwuliza, nikiacha, mwanangu atakula nini? Akanitazama, halafu akaita mgonjwa mwingine."

Kudra, anayesikiliza huku akiendelea kuosha, anacheka bila furaha. "Hapa tunatetemeka wengi, ndugu mwandishi. Ila sisi chai ikimwagika tunafuta, yanaisha. Sisi hatuandiki ubaoni."

Bernadina anaandika ubaoni, au anapaswa kuandika. Siku mbili kwa wiki huvua kanga ya moshi, huvaa gauni lake la bluu na kwenda kufundisha kwa kujitolea katika sekondari moja ya kata. Wazazi humchangia posho isiyozidi shilingi 50,000 kwa mwezi, na miezi ya kulima huwa hakuna kitu. Kwa siku moja ya kuchoma, kazi ikichanganya, hupata 15,000.

Darasani huwa hashiki chaki. Husimama nyuma, karibu na dirisha.

"Agatha, njoo utuchoree Ziwa Victoria," utamsikia akisema. "Haya, wengine mwangalieni. Ukerewe ameiweka wapi? Abel, kamsaidie mwenzako." Darasa zima huinuka kubishana na ramani, na mwisho wa kipindi ziwa huwa limekaa sawa.

Wageni waliowahi kutembelea shule hiyo walimsifu kwa mbinu shirikishi. Mkuu wa shule, ambaye naye hapendi kutajwa, alikuwa amekaa nao.

"Nilinyamaza," anasema. "Ndiye mwalimu pekee wa Jiografia niliye naye. Ningesema ukweli, ningebaki na nani?"

Lakini kwenye usaili hakuna Agatha wala Abel. Mara iliyopita Bernadina alifaulu mchujo, kwa kuwa ulikuwa wa kuchagua majibu. Akaitwa kwenye usaili wa vitendo, afundishe mbele ya watu watatu waliokaa nyuma ya meza. Akaanza kuchora ramani ya Tanzania. Chaki ikakatika. Akaokota kipande, akaendelea, na mpaka wa nchi ukawa unapanda na kushuka.

"Mmoja akaniambia, tulia mwalimu, hatuumi. Mwenzake akauliza, hiyo ni Tanzania au ngozi ya ng'ombe? Wakacheka. Na mimi nikacheka. Hicho ndicho kinachoniuma mpaka leo."

Hakuitwa tena.

Hakuwaambia kuhusu mkono wake. Anaogopa kudaiwa cheti cha afya. "Mwajiri gani atamchukua mtu ambaye ameshaharibika? Watasema nimeharibika kwa kutaka. Na ni kweli nilitaka. Nilitaka kuwa mwalimu."

Inatia hasira kumsikiliza, na hasira yenyewe haina pa kwenda. Kidonge kimeshageuka njano. Broka anakipima, analipa, anaondoka nacho. Bernadina anaweka kingine kikaangoni.

Mwezi ujao atasimama tena mbele ya meza ile, na safari hii ameshapanga.

"Nitawaamkia, nitataja mada, halafu nitampa mmoja wao chaki. Nitamwambia, leo wewe ni mwanafunzi wangu, njoo utuchoree. Hivyo ndivyo ninavyofundisha. Ndivyo watoto wangu wanavyofaulu."

Na akikataa kuinuka?

Bernadina anaukoleza mkaa. Moshi unampiga usoni, naye anageuka pembeni, anakohoa, anarudi.

"Basi nitachora mwenyewe, polepole, kwa mikono miwili," anasema. "Itachukua muda. Wanisubiri kidogo. Mimi nimewasubiri tangu mwaka 2017."