Khadidja Anayemsemea Binti wa Filamu

Jumamosi, adhuhuri imeshapita, na chumba cha video cha mtaa wa Cibitoke kimeshushwa mapazia. Ndani kuna giza tamu, lile la usingizi wa mchana. Khadidja ameketi pembeni ya skrini, maikrofoni mkononi, akinywa chai ya tangawizi.

Kazi yake ni kufasiri filamu. Picha inasema Kifaransa, yeye anaisemea Kiswahili papo hapo: wazee, watoto, hata mbuzi. Sauti huziazima mtaani. Filamu ya leo inahusu binti wa enzi za Wabelgiji, mtundu kupindukia, anayemfungua mbuzi ambaye serikali imemnyang'anya bibi yake. Sauti ya binti huyo Khadidja ameiazima kwa mama yake mzazi. Na leo, lo, mama mwenyewe yumo ukumbini!

Mama huyo, Bi Sikuzani, hajawahi kukanyaga hapa kabla ya leo. Macho yamemfifia, na kazi hii hajawahi kuipenda. "Mutoto wa mutu anapiga makelele mbele ya watu, ni kazi hiyo?" husema. Amekubali kuja kusikiliza mara moja tu. Khadidja amemwahidi kwamba akisema acha, ataiacha kazi.

Khadidja anaweka chai chini.

Filamu inaanza. Bwana mkubwa wa serikali anafoka, binti anashika kiuno, na Khadidja anamsemea: "We muzee, hii mbuzi ilikula majani yako? Apana! Basi iache iende kwao!"

Watoto wanaangua kicheko. Bi Sikuzani amejiziba mdomo kwa ushungi. Khadidja hathubutu kumtazama.

Mwishoni binti anapandishwa lori kwenda shule ya mbali. Hakuna maneno, ni vumbi tu linaloelea taratibu juu ya barabara. Hapo Khadidja naye hunyamaza siku zote.

"Khadidja!" mama anaita gizani. "Mutoto ameenda wapi? Mbona hasemi?"

Khadidja anainua maikrofoni. "Mama, mi niko mu lori. Naona milima inabaki nyuma. Usilie. Niwekee chakula, nitarudi."

Taa zinapowashwa, Bi Sikuzani anajifuta macho kwa ncha ya ushungi.

"Ile sauti ni yangu. We mwizi, we!" anasema. "Jumamosi ingine nakuja mapema, nikae mbele. Pale kwa lori ulisema polepole sana. Mi ningelipiga kelele mpaka lisimame."

Kiangazi kikifika, Khadidja anataka kuipeleka filamu hiyo kwa watoto wa mtaa wa Buterere, shuka jeupe likitundikwa ukutani. Maikrofoni, anasema, zitakuwa mbili.