Sorry ya Mwalimu Saadia

Mwalimu Saadia wa Kibokoni alistaafu shule, lakini Kiingereza hakukistaafu. Alasiri, sebuleni kwake, aliwafundisha kina mama waliotaka kazi za hotelini na za ofisi za bandari ya Kilindini. Neno lililomkera kuliko yote ni "sorry". Huku kwetu mtu akijikwaa twamwambia "sorry", kwa maana ya pole. Saadia hakutaka kulisikia. Mwingereza, alisema, huombea msamaha neno hilo. Asiye na kosa ana haja gani nalo?

Siku moja ya mvua aliteleza kwenye ngazi za nyumba yake, akaanguka kwa kishindo. Dama, mwanafunzi wake, ndio kwanza alikuwa anaingia mlangoni.

"Sorry, Mwalimu."

"Kwani ni wewe ulonisukuma?" Saadia akamuuliza, naye yuko chini, mguu umevunjika.

Dama akaita majirani, wakampeleka hospitali.

Alirudi na plasta hadi gotini. Wanafunzi wakaja kumjulia hali, kila mmoja akichunga asikosee. Mercy alimweleza, kwa Kiingereza kilichonyooka, kwamba amesikitishwa na habari za ajali yake. Mwingine akamtakia nafuu ya haraka. Dama alileta mahamri tu. Hapakuwa na kosa hata moja, ila Saadia alihisi kama aliyeandikiwa barua na serikali.

Jioni alimsimulia kwenye simu binti yake, aitwaye Jana, anayesomesha lugha chuo kikuu ng'ambo. Binti alicheka mpaka akapaliwa. Kisha akamwambia kwamba asili ya neno "sorry" ni maumivu. Waingereza wa kale walilisema kwa huzuni ya moyoni, na kuombea msamaha kulikuja baadaye.

"Yaani wenyewe wamelibadilisha?"

"Wamelibadilisha, Mama. Na hawajamaliza."

Dama alipokuja tena, Saadia alimwomba aseme lile neno la siku ile. Dama alimtazama kwa wasiwasi, akidhani ni mtihani.

"Sorry, Mwalimu."

"Ahsante, mwanangu. Mguu wauma kweli."

Machozi yakamtoka, ya kwanza tangu aanguke, kisha wote wawili wakacheka.

Dama akapata moyo. Akauliza kama sasa yafaa pia kusema "discuss about", kwa ile "about" ya ziada ya huku kwetu. Saadia alimkatiza hapo hapo, na hiyo "about" ndiyo iliyokuwa somo mpaka adhana ya magharibi.