Siku Nne za Orrin Kubiak

Alhamisi asubuhi, wiki ya mwisho ya Agosti, Orrin Kubiak alifika uwanjani akakuta amehamishwa. Viatu vyake, magongo yake, glovu zake mbili za kudakia na kopo la dawa ya kuchua magoti vilikuwa vimepangwa sakafuni karibu na mlango wa choo, mbele ya kabati jembamba lisilo na mwenyewe. Lile kabati pana la pembeni, lenye soketi ya umeme, ambalo alilipata kwa kuwa ndiye mchezaji aliyekaa pale muda mrefu kuliko wote, lilikuwa limefutwa vumbi na kuwekewa taulo mpya.

"Babu katupiwa vyombo nje!" alipiga kelele Yorvit, kijana wa Kivenezuela ambaye hakujua kunyamaza. "Miaka saba kwenye nyumba moja, halafu wanakutoa kama mpangaji."

"Nani anakuja?"

"Vosburgh."

Orrin aliinama, akakusanya vitu vyake, akavipanga kwenye kabati la karibu na choo.

Tanner Vosburgh alikuwa mrushaji wa timu kubwa ya besiboli, ile ya Ligi Kuu, na picha yake ilisimama juu ya barabara kuu ikiwa na urefu wa ghorofa mbili. Mwezi Juni kiwiko chake kiliumia. Kama ilivyo kawaida, kabla ya kurudi juu alitakiwa kucheza mchezo mmoja huku chini, kwa Nungunungu wa Harlan Falls, timu ndogo ya wenye timu kubwa. Tena kawaida hiyo ilikuwa na sehemu ya pili, ambayo wachezaji waliipenda zaidi: nyota akishuka, hulisha chumba kizima.

"Steki," alisema Yorvit, amefumba macho. "Mungu abariki kile kiwiko, ila asikiponye haraka."

Orrin alikuwa na miaka thelathini na mitatu, na kumi na mmoja kati ya hiyo aliitumia katika ligi ndogo. Alikuwa mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji akiwa amevaa barakoa ya chuma, anadaka mipira na kumwambia mrushaji kwa ishara za vidole arushe mpira wa namna gani. Alilipwa kwa kazi hiyo. Kwenye fomu yoyote, mbele ya neno "kazi", aliandika "mwanamichezo", na hakuwa anadanganya. Lakini watu wa besiboli hawakuulizana habari za kulipwa. Waliulizana swali moja tu: umewahi kupanda Ligi Kuu? Wengine walijibu ndiyo, wengine hapana, mazungumzo yakaendelea. Jibu la Orrin lilihitaji maelezo, na alikuwa amechoka kuyatoa.

Alikuwa amepanda. Miaka sita nyuma, mdakaji wa akiba wa timu kubwa aliugua tumbo, na Orrin akaitwa. Aliposhuka kwenye ndege alinyoosha mkono kuchukua begi lake, mhudumu akamgusa bega kwa upole. "Hapa hatubebi, bwana." Juu ya kabati lake palikuwa na kibao cha mbao kilichochongwa jina lake. Alikaa benchi siku ya kwanza, ya pili na ya tatu. Siku ya nne, mchezo ukielekea ukingoni, kocha alimtazama. "Kubiak, vaa helmeti. Huyu akipiga akafika kituo cha kwanza, unafuata wewe." Orrin alisimama kwenye ngazi ya uwanja, gongo mkononi, watu elfu arobaini wakinguruma juu ya kichwa chake. Yule aliyekuwa mbele yake alipiga mpira ukaangukia mikononi mwa adui, na mchezo ukaisha palepale. Asubuhi yake mgonjwa alipona, na Orrin akarudishwa chini.

Baba yake, Casimir Kubiak, mstaafu wa machimbo ya mawe kule Pennsylvania, alikuwa amenunua kitabu kinene cha kumbukumbu, kinachochapwa kila mwaka na kuorodhesha kila mtu aliyewahi kuingia mchezoni katika Ligi Kuu, hata kwa mpira mmoja. Krismasi ile alikifungua mezani, akateremsha kidole chake kilichopinda kwenye herufi ya K, akakipandisha, akakiteremsha tena.

"Wamekuruka," alisema.

"Hawakuniruka, baba. Kukaa benchi hakuhesabiwi."

"Basi mwakani."

Tangu hapo mzee alinunua kitabu kila mwaka, na kila Jumapili alipiga simu akauliza neno moja: "Wamekuita?"

Vosburgh alikuja saa saba mchana, akiendesha gari mwenyewe, na alikuwa mtu mwema. Alimpa kila mmoja mkono, akamwomba radhi Orrin kwa kunyang'anywa kabati. Jioni uwanja ulijaa, jambo lisilotokea hata siku ya fataki. Orrin alichuchumaa, akaweka glovu yake, na mpira wa kwanza ulipoingia alisikia mlio ambao hakuwa ameusikia kwa miaka sita. Ulifika pale hasa alipouomba. Kwa vipindi viwili alifanya kazi kama mtu anayecheza ngoma na mwenzake wa siku nyingi.

Kipindi cha tatu aliingia mpigaji mnene wa wageni, wenzake wawili wakiwa wamefika vituoni. Alikosa mara mbili. Kosa moja zaidi, nje. Orrin alijua la kufanya, kwa kuwa alikuwa amemsoma mtu yule majira yote ya joto: mpe mpira wa kupinda, chini, atauzungukia kama mlango unaofunguliwa na upepo. Alionyesha vidole viwili. Vosburgh akatikisa kichwa. Orrin akaonyesha viwili tena. Vosburgh akatikisa tena, akatabasamu, akarusha mpira mnyoofu katikati kabisa, na mnene akaupeleka nje ya uwanja, juu ya bango la duka la matairi, wote watatu wakarudi nyumbani na pointi.

Orrin aliondoa barakoa, akamfuata hadi katikati.

"Tungemtoa huyo."

"Najua," alisema Vosburgh. "Umeita vizuri sana. Ila daktari kanikataza kurusha wa kupinda kabla ya wiki ijayo. Sikuja kumtoa mtu, kaka, nimekuja kupima mkono."

"Tumeshaachwa pointi tatu."

"Nani?"

Hakusema kwa dharau. Alimtazama Orrin kwa macho ya mtu aliyekatizwa akihesabu kitu kingine, na kweli hakujua ni nani waliokuwa wameachwa. Orrin akampa mpira, akarudi kuchuchumaa.

"Haya magoti yatakwama hapo, Babu!" shabiki mmoja wa viti vya chini alimpigia kelele, kama alivyofanya kila jioni kwa miaka saba. Watu wakacheka. Nungunungu walifungwa.

Chakula kilikuja katika masinia yaliyofunikwa karatasi ya fedha: steki, kamba wakubwa, viazi, keki ya jibini. Meza ileile jana yake ilikuwa na mkate na siagi ya karanga. Vosburgh alivuta kiti akakaa karibu na Orrin, barafu imefungwa kwenye kiwiko.

"Una mikono iliyotulia," alisema. "Tulishawahi kukutana?"

"Niliwahi kukudakia ukipasha misuli. Miaka sita sasa. Siku moja."

"Kweli?" Alimtazama kwa bidii, akitafuta. "Samahani, kaka. Siku nyingine zinapita tu."

"Hakuna neno."

Orrin alikata nyama yake vipande vidogo. Siku ile alikuwa amedaka mipira thelathini na miwili ya Vosburgh kabla ya mchezo, na angeweza kuitaja kwa mfuatano.

Jumamosi asubuhi meneja alimwita ofisini. Pruett alikuwa mtu mzito, mwenye mbegu za alizeti shavuni saa zote. Orrin aliposikia "Funga mlango" alibaki ameshika kitasa. Habari ya kupanda hutangazwa mlango wazi ili wenzako washangilie. Mlango hufungwa kwa ajili ya wanaoachishwa.

"Sikufukuzi, Kubi," alisema Pruett. "Kaa. Vosburgh kakusemea huko juu. Wanataka mtu wa zizini."

Zizi ni ule uga mdogo nyuma ya ukuta wa uwanja, ambako warushaji wa akiba hupasha misuli kabla hawajaitwa. Huko kuna mdakaji wa kudumu anayewapokelea mipira kila siku. Huvaa jezi, husafiri na timu, hula mezani kwao. Hachezi kamwe.

"Unaanza Jumanne," aliendelea Pruett. "Ndege, hoteli, kila kitu. Ila lazima usaini kwamba umeacha kucheza. Moja kwa moja."

"Na Septemba? Septemba huwa wanaongeza mdakaji."

"Wanampandisha mdakaji mwenzako, Colby."

"Colby ana miaka ishirini na mbili. Hata ishara bado zinamchanganya."

"Mwanangu, hiyo ishirini na mbili ndiyo wanayoitaka." Pruett alitema maganda kwenye kikombe. "Ukikataa, utamaliza msimu hapa, na mwakani tutaona. Siwezi kukuahidi kitu. Nipe jibu kesho baada ya mchezo. Na usimwambie mtu, hawajatangaza."

Orrin alipanga chumba kwa Bi Dorothea Haugen, mjane aliyekaribisha wachezaji tangu mumewe yuko hai. Mchana ule alimkuta anamenya mahindi kwenye ngazi za nyuma, akakaa, akamsaidia. Mlangoni mwa friji yake palikuwa na picha za wachezaji kumi na tisa waliopita nyumba ile. Watatu walipanda. Wengine hawakuandika tena.

"Leo umenyamaza kuliko kawaida," alisema Bi Dorothea, "na kawaida yako si haba."

"Nimechoka tu, mama."

Kidogo tu amwambie. Lakini mama huyu angefurahi, na Orrin hakuwa tayari kuona mtu anafurahi. Simu ililia jikoni. Ilikuwa Jumamosi, ila mzee alikuwa ameanza kusahau siku.

"Wamekuita?"

"Bado, baba."

"Wakikuita nitatazama. Nimeshanunua runinga kubwa, jirani kanifungia. Napiga piga tu nijue."

"Nitakwambia."

Jumapili jua lilichoma, na baada ya shamrashamra za Alhamisi hawakuja hata watu mia nne. Orrin alichuchumaa kama siku zote. Yule mnene alirudi, akakosa mara mbili, na Orrin akaonyesha vidole viwili. Mrushaji, mvulana wa Iowa, alikubali bila kubisha. Mpira ukapinda, mnene akauzungukia, akatoka. Hakuna aliyepiga makofi isipokuwa Yorvit, aliyepigia glovu yake. Moyo wa Orrin ulijaa. Alifikiri: nitakataa, hii hapa ndiyo kazi yangu.

Zamu yake ya mwisho ya kupiga ilifika kipindi cha nane. Aliusubiri mpira alioutaka, na ukaja. Aliupiga katikati ya gongo, sehemu ile ambayo mikono haihisi kitu chochote, kana kwamba umepiga hewa. Katika miaka kumi na mmoja alikuwa ameupiga hivyo labda mara kumi, na kila mara ulivuka ukuta. Alikimbia akitazama juu. Kisha akamtazama mlinzi wa nyuma. Mlinzi hakurudi ukutani. Alipiga hatua tatu mbele, akainua glovu, akaudaka.

Hatua tatu mbele. Orrin aliendelea kukimbia hadi kituo cha kwanza, kwa kuwa alifundishwa hivyo tangu utotoni, akakikanyaga, akarudi benchi. Laiti angeupiga vibaya, angekuwa na kisingizio.

"Bahati mbaya, Babu," alisema Yorvit. "Upepo ule."

"Hakuna upepo, Yorvit."

Alisaini kwa kalamu ya Pruett, amesimama, bado amevaa kinga za magoti. Alirudi chumbani wenzake wakiwa bafuni wanaimba. Alibandua jina lake kwenye kabati la karibu na choo, selotepu ikatoka na rangi kidogo, akaikunja akaitia mfukoni kwa kuwa pipa lilikuwa mbali. Begi lake alilibeba mwenyewe hadi garini.

Jumanne jioni, katika uwanja wa watu elfu arobaini, Orrin Kubiak aliwapasha misuli warushaji watatu. Jezi ilimkaa vizuri. Kibao chake kingechongwa wiki ijayo, walimwambia, na yeye akasema wasihangaike. Zizi lilikuwa na uzio wa kijani upande wa uwanja, na geti. Simu ya ukutani ikilia, alidaka mipira kumi, kumi na tano, akisema "safi" na "hiyohiyo" na "usiharakishe." Kisha geti lilifunguliwa, muziki ukavuma, umati ukasimama, na mrushaji akakimbia kwenda kwenye mwanga. Geti lilijifunga nyuma yake. Orrin alibaki ameshika mpira wa mwisho, ambao hakuna aliyeuhitaji tena, akaurudisha kwenye ndoo.

Asubuhi iliyofuata alimpigia baba yake, kabla hajapigiwa.

"Nilitazama yote," alisema mzee. "Tangu wimbo wa taifa. Sikukuona."

"Nilikwambia juzi, baba. Niko zizini. Sichezi."

"Ulisema hivyo, ndiyo."

"Na kitabuni hawataniandika. Nimesaini. Usikinunue tena."

Orrin alisikia runinga kubwa ikisema peke yake kule Pennsylvania.

"Lile geti la kijani," alisema Casimir hatimaye. "Walilionyesha mara tatu. Ulikuwa nyuma yake?"

"Mara zote tatu."

"Nililiona geti," alisema baba yake. "Leo mnacheza saa ngapi?"