Mafuta ya Neema

Asubuhi ile niliondoka nyumbani Sombetini bila kujua ninakwenda wapi. Alasiri nikafika mji mdogo ng'ambo ya Mlima Meru, nikamkuta mama mmoja kibandani akiyeyusha nta ya mimea ndani ya mafuta ya parachichi. Harufu ile ilinisimamisha.

Mama yangu alipika mafuta kama hayo mchana mmoja tulipokuwa wadogo, kwa ajili ya dada yangu Neema, aliyezaliwa na ualbino.

"Hii nta imetoka kwenye majani," alituambia. "Si mmeona maji yanavyoteleza juu ya jani la gimbi?"

Nikaamini kwamba jua nalo lingeteleza. Neema alinyoosha shingo apakwe, nami nikanyoosha yangu.

"Wewe ya nini?" Neema akanitania. "Si ulishaungua tangu tumboni mwa mama, ukatoka mweusi?"

Tulicheka, tukatoka kucheza. Kofia ya Neema ya kujikinga na jua ilibaki msumarini ukutani. Mama aliitazama, akaiacha. Nilidhani ameisahau. Siku hizi najua kwamba naye aliamini, na kofia haikutoka tena msumarini mpaka jua lilipomtoa Neema kidonda shingoni, kisichosikia dawa. Tulimzika Neema akiwa bado msichana.

"Shikamoo, mama," nikasema pale kibandani. "Mafuta haya yanazuia jua?"

"Marahaba. Hayazuii, mwanangu. Yanalainisha tu."

Nikapata chumba kwenye gesti ya jirani. Jua la jioni lilikuwa limejaa kitandani. Nikavuta pazia, ingawa hakukuwa na mtu wa kumkinga.