Sataranji ya Mama Beatrice

Mwaka ambao mto ulilibeba daraja la misheni, masika yalipitiliza hadi watu wakasahau sura ya vumbi. Lori la vitabu halikufika, walimu wawili wakakwama ng'ambo, na watoto wa darasa la Yustina wakaambiwa wakae majumbani mpaka maji yapungue. Baba yake, Samweli, alikuwa seremala wa misheni huko bara upande wa Songea. Mbao zilikuwa zimelowa hazirandiki, kwa hiyo naye alishinda nyumbani. Ndipo siku moja alipoteremsha kutoka juu ya kabati ubao wenye vyumba vyeusi na vyeupe, pamoja na mfuko wa kete alizozichonga mwenyewe, nyeusi za mpingo na nyeupe za mchungwa. Bruda mmoja Mjerumani ndiye aliyemfundisha mchezo ule wa sataranji, kisha akarejea kwao na kumwacha seremala bila mtu wa kucheza naye.

Samweli hakuwa mtu wa pupa. Kwanza alimwonyesha binti yake namna ya kuuweka ubao, chumba cheupe kikae pembeni, upande wa mkono wa kulia wa kila mchezaji. Kisha akapanga askari peke yao, wale wadogo wa mstari wa mbele, bila mfalme wala malkia nyuma yao.

"Tuanze na hawa," alisema. "Wakubwa tutawakuta."

Askari huenda mbele chumba kimoja, ila anapotoka kwake mara ya kwanza anaruhusiwa kwenda viwili. Harudi nyuma. Na ingawa mwendo wake ni wa kunyooka, mlo wake ni wa mshazari.

"Sasa baba, kwa nini asimle huyu aliye mbele yake?"

"Wamezuiana, mwanangu. Hapo hapiti mtu."

Baada ya askari ikaja ngome, iendayo wima na mlalo mpaka ikutane na kizuizi. Akaja askofu wa mishazari. Akaja farasi, ambaye huenda vyumba viwili kisha akakata kona kimoja, na ambaye peke yake huruka vichwa vya wenzake. Malkia aliunganisha mwendo wa ngome na wa askofu. Mfalme alikuja mwisho, mzito, wa hatua moja moja, naye ndiye mchezo wenyewe: akitishwa hana budi kuokolewa, na akikosa pa kukimbilia, mambo yamekwisha hata kama jeshi lake lote li hai. Jua lilipotoka na daraja likajengwa upya, Yustina alikuwa na uwezo wa kumfungia mfalme wa baba yake pembeni, mara moja moja, na Samweli alikuwa akifurahia kushindwa kwake kuliko ushindi. Hata uzeeni Yustina aliutaja msimu ule wa matope kwa sauti ya mtu anayetaja karamu.

Akasoma ualimu, akapangiwa Mtwara. Alifundisha shule ya msingi upande wa Ufukoni hadi alipostaafu. Hapo mjini ndipo alipoolewa na Stefano, kijana wa Kyela aliyeendesha winchi bandarini, mpole, mwenye kucheka kabla hujamaliza kisa. Wakajenga Magomeni ya hapo hapo Mtwara, wakapata mtoto mmoja, Beatrice, ambaye siku hizi ni mtumishi wa serikali Dodoma. Tangu mtoto huyo azaliwe Stefano hakumwita mkewe jina jingine ila mama Beatrice. Ubao wa sataranji ulikaa ndani ya sanduku la nguo miaka yote hiyo, maana Stefano alikuwa na mchezo wake.

Stefano alikuwa mtu wa drafti. Kijiwe kilikuwa nyuma ya duka, hatua chache kutoka nyumbani, na kete zilikuwa vifuniko vya soda, vya huyu vikitazama juu na vya yule vikifudikizwa. Mpinzani wake wa siku zote alikuwa Hashimu, Mmakonde wa Nanyamba aliyefanya naye kazi bandarini, mdomo wazi kama mlango wa sokoni. Katika drafti kula si hiari. Kete ya mwenzako ikikaa vibaya, lazima uile, na ukiiacha, yako inaondolewa. Wachezaji hodari hushinda kwa njia hiyo hiyo: wanakutolea moja uile, wao wakule tatu.

"Kula, Stefano! Kwaresima imekwisha, mwanangu, kula!" Hashimu alikuwa akipaza sauti.

"Nakula, lakini naona umeniwekea sumu."

"Sumu ni ya panya. Wewe paka, kula!"

Stefano alikuwa akila, akiliwa, kisha akicheka hadi machozi. Michezo mingi zaidi, hata hivyo, alishinda yeye, na hapakuwa na mtu pale kijiweni asiyejua hilo.

Siku moja ya msimu wa korosho, malori yakipita barabarani moja baada ya jingine, Hashimu alimrudisha Stefano nyumbani akiwa amemshika mkono. Alingoja Stefano aingie ndani kunawa, ndipo akasema, safari hii kwa sauti ya chini.

"Shemeji, leo mwenzetu alisukuma kete yangu."

"Kwa utani?"

"Ningefurahi ingekuwa utani. Alisukuma yangu, akaila yake, akanipa mkono kuwa ameshinda. Vijana wakacheka. Niliwatukana, Mungu anisamehe, lakini wamecheka na yeye amewasikia."

Stefano hakurudi kijiweni. Alishinda barazani akivua viatu na kuvivaa. Daktari aliwaeleza bila kuficha kuwa ni maradhi ya kusahau, kwamba hayarudi nyuma, na kwamba kinachoweza kufanyika ni kumpa akili yake kazi na kumweka karibu na nyuso anazozijua. Yustina hakumwomba Mungu muujiza. Aliomba jambo moja tu: vingine vyote viende, bandari, Kyela, hata siku ya harusi, lakini mumewe asiache kumjua yeye.

Akalifungua sanduku. Aliuchagua mchezo ule kwa sababu Stefano hakuwa na sifa yoyote ya kuipoteza humo. Katika drafti alikuwa bingwa aliyeanguka. Katika sataranji angekuwa mwanafunzi, na mwanafunzi ana haki ya kukosea.

Alianza kama alivyoanziwa, askari peke yao. Ugumu ukajitokeza palepale. Kila alipoweka askari penye mshazari, Stefano alimla hata kama kumla kulimwangamiza.

"Baba Beatrice, nani kakulazimisha?"

"Si umeniwekea?"

"Nimekuwekea, lakini hapa unaweza kukataa."

"Nikiacha si utaniondolea yangu?"

"Siondoi. Huku mtu hali kama hataki."

Alimtazama kwa mashaka, kama anayeambiwa kuwa leo maji ya bahari hayana chumvi. Mchezo uliofuata akala tena. Askari wake alipofika mwisho wa ubao alimpandishia askari mwingine juu ya kichwa, kama afanyavyo mcheza drafti akipata kingi, na Yustina akamweleza kwa upole kuwa huku askari aliyefika hugeuzwa malkia.

"Mwanamume mzima ageuzwe malkia?" Hashimu, aliyekuja kusalimia, alidakia kutoka mlangoni. "Shemeji, mchezo gani huu wa misheni? Na huyu askofu wenu mbona anakwenda upande upande kama kaa?"

Stefano alicheka. Alicheka kile kicheko chake cha zamani, na Yustina akainamisha uso kwenye ubao asionekane.

Miezi iliyofuata ilikuwa na neema yake. Kila asubuhi baada ya uji wa muhogo walikaa barazani. Stefano alishika mwendo wa ngome, akashika wa askofu. Farasi alimsumbua, lakini siku nyingine alimrusha sawasawa na kuinua macho kutafuta sifa. Kuna asubuhi moja ambayo Yustina alimsimulia Beatrice kwa simu: alikuwa amemwekea mumewe farasi penye mtego, na Stefano, mkono ukiwa tayari hewani, aliurudisha, akaufunga ngumi mapajani.

"Sili," alisema. "Umenitega, mama Beatrice."

Beatrice alitaka wahamie Dodoma. Yustina alikataa. Alihofu kwamba katika nyumba ngeni Stefano angepotewa na njia ya kwenda chooni, na baada ya njia hiyo ingefuata njia ya kumfikia yeye.

Masika ya mwaka uliofuata mambo yaliporomoka. Farasi alikwenda kwanza, kisha askofu. Stefano alikuwa akiwashika na kuwazungusha vidoleni kana kwamba ni vitu vilivyookotwa ufukweni. Yustina akarudi nyuma somo kwa somo, kutoka malkia hadi ngome, kutoka ngome hadi askari, mpaka wakawa tena na mistari miwili ya wale wadogo. Hashimu aliendelea kuja, akitania peke yake, akijijibu peke yake.

Asubuhi moja Stefano alimkuta Yustina chumbani akitandika kitanda, akasimama mlangoni.

"Mama, humu ndani kuna mwenyewe. Tafadhali, toka kabla hajarudi."

"Mwenyewe ni mimi, baba Beatrice."

"Mke wangu yuko shuleni, anafundisha. Toka, nakuomba."

"Stefano, nitazame. Mimi ndiye Yustina."

Alirudia mara nyingi. Akamletea picha ya harusi, akamshikisha. Kadiri alivyosisitiza ndivyo Stefano alivyozidi kuingiwa na hofu, hadi akajibana pembeni mwa kabati na kulia kwa sauti, mzee wa watu, akiomba asidhuriwe. Yustina aliiweka picha chini. Akatoka nje, akakaa barazani na mikono yake miwili mapajani.

Baada ya muda mrefu Stefano alitoka, ametulia, amekwisha kusahau. Akamwona mwanamke aliyekaa mbele ya ubao, akamsalimu kwa adabu.

"Habari za asubuhi, jirani. Unaujua mchezo huu?"

Kinywa cha Yustina kilikuwa na maneno mawili. Akalimeza moja, akatoa la pili.

"Siujui, baba. Nifundishe."

Stefano alivuta kiti kwa furaha ya mwenyeji. Akapanga askari, wengine wakilala, weusi wakichanganyika na weupe. Alimweleza kwamba hawa ni vijana wa bandarini na wanavuka upande wa pili kupakua mzigo. Akasukuma mmoja, kisha akasukuma wa Yustina, kisha akamwonyesha kidole.

"Sasa kula huyo."

"Lazima?"

"Lazima, jirani. Ukiacha unaondolewa."

Yustina alikula. Alikula kila alichoonyeshwa, akiuliza maswali ya mtu anayeanza, na Stefano akimjibu kwa subira ile ile aliyofundishwa nayo. Adhuhuri ilipoadhiniwa msikitini, alimsifu kuwa ana akili nyepesi, akamwuliza kama mumewe hatakasirika akichelewa kurudi kupika.

"Hatakasirika," alisema Yustina. "Ni mtu mpole."

"Basi ana bahati," alisema Stefano. "Na wangu ni mtu mwema. Utamwona akitoka shule."

Tangu siku ile Yustina hakujaribu tena kumrudisha. Aliingia nyumbani mwake kila asubuhi kwa kubisha hodi, na Stefano alimkaribisha. Beatrice alipokuja likizo na kumsikia mama yake akiitwa jirani, alitaka kusahihisha. Yustina alimgusa bega, akatikisa kichwa. Hashimu peke yake ndiye aliyeuliza.

"Shemeji, unawezaje?"

"Nilikuwa nataka anijue, Hashimu. Sasa nataka asiogope. Nimepewa moja tu kati ya hayo mawili."



Mwezi uliopita, siku ya kliniki, Yustina alimpeleka Stefano hospitali kwa bajaji. Muuguzi wa zamu alikuwa mgeni hapo. Alimpima mgonjwa shinikizo la damu, akamwuliza jina, Stefano akalitaja vizuri. Kisha akamgeukia mwanamke aliyemshika mkono.

"Na wewe mama, ni nani wake?"

Stefano naye aligeuka, akamtazama, akangoja kusikia.

"Ni jirani yake," alisema Yustina, na akamsaidia kuvaa koti.