Mjomba Jino na Zile Mashine Sita Nzito

Mjomba wangu anaitwa Jino. Usicheke bado, ngoja nikusimulie, utacheka vizuri zaidi.

Siku moja, kwenye chumba chake cha ufundi, ameinamia kompyuta ya mezani ya mteja anapuliza vumbi kwa mdomo. Mashine ya kupulizia anayo, ila anasema pumzi yake haikatiwi umeme. Vumbi likampanda puani, akapiga chafya moja ya haja, na jino lake la bandia likaruka. Alilitafuta chini ya meza, kwenye kopo la skrubu, mpaka mifukoni. Wapi! Baada ya siku mbili mteja, mwalimu wa hesabu, akarudi na kompyuta kaikumbatia: "Fundi, mashine yako inatafuna." Kufungua, jino limekaa kwenye feni, jeupe, limetulia kama mwenye nyumba. Fundi cherehani wa chumba cha pili alikuwepo, na yule mama hana kifua cha siri. Kufika jioni mtaa mzima: Jino! Kuna mtu mpaka akaandika kwa chaki mlangoni kwake, KWA JINO. Sikuwa mimi. Mkono wangu tu.

Sasa huyo Jino ndiye aliyetufanya mtaani kwetu tumiliki kompyuta kali na mifuko imetoboka. Mashine mpya ya kazi nzito, ya kuchora majengo au kutengeneza katuni, sisi tulikuwa tunaiangalia kwenye simu, tunameza mate, tunapita. Mjomba alinunua zile zinazotolewa maofisini, akachomoa memori hapa, prosesa kule, kadi ya picha kwingine, akaunga. Ilitoka na sura ya jalalani, lakini ukiiwasha unakaa wima mwenyewe. Halafu ndani ya kifuniko cha pembeni aliandika kwa kalamu ya marka kila kipande kilikotoka: "Feni, ya mwalimu wa hesabu. Diski, ya zahanati." Nikamuuliza kwa nini anajisumbua.

"Mpwa, ukivaa koti la mtu si unataka kujua lilikuwa la nani?"

Kununua nako alikuwa na staili yake. Maofisi hayakubali ufungue kabla hujalipa, basi yeye anainyanyua kwa mikono miwili, anafumba macho, anaipima kama mtu aliyepewa kichanga ashike. "Huyu ana nyama." Au, "Huyu mfupa, rudisha." Miaka yote hiyo hakuwahi kukosea.

Kwa hiyo alipompa mama yangu neno lake, hakuna aliyekuwa na wasiwasi. Nilikuwa nimepata kazi ya majaribio kwenye kampuni ya matangazo ya katuni, na sharti lao ni moja: Jumatatu uje na mashine yako, yenye nguvu. Bila hiyo, kwaheri.

"Dada, lala usingizi," mjomba akamwambia mama. "Mwanao hatakosa mashine na mimi nina mikono."

Vipande vingine alikuwa navyo, kikwazo kilikuwa memori. Bei ilikuwa imepaa mpaka muuzaji anakutajia huku anaangalia pembeni. Mtandaoni walikuwa wanasema makampuni ya akili bandia yanazizoa zote huko kiwandani. Mjomba akasema vya dukani tuwaachie wenyewe, kuna ofisi inahama na inauza mashine sita. Akaenda na akiba yake yote. Akanyanyua moja moja, macho kafumba.

"Nyama tupu, mpwa! Hizi zimelishwa!"

Akazibeba zote sita.

Tulizifungua Ijumaa mchana. Ya kwanza, akaisogeza kwenye mwanga. Memori imechomelewa kwenye bodi, prosesa imechomelewa, hakuna cha kuchomoa. Ule uzito wote ulikuwa bonge la chuma la kupoza joto.

"Labda ya pili," nikasema. Nikasema hivyohivyo mpaka ya sita.

Akapasha chuma cha kuyeyushia risasi, akajaribu kubandua. Bodi ikaungua, chumba kikajaa harufu. Fundi cherehani akachungulia: "Jino, leo unapika nini?" Siku nyingine angemrudishia neno mpaka mama wa watu akimbie. Safari hii akachomoa waya wa chuma. Alikaa, viganja vimelala mapajani.

"Siku hizi wanatengeneza vitu visivyotaka mtu wa pili," akasema.

"Mjomba, basi. Nitawaelezea kazini."

"Utawaelezea nini? Kwamba mjomba wako amenunua vyuma?"

Kisha akaangalia kona. Kona ile ndiko inakokaa mashine yake mwenyewe, ya kupigia muziki. Akaifungua. Ndani ya kifuniko chake kulikuwa na mstari mmoja tu: "Memori, mpya. Kutoka kwa mama watoto." Marehemu mkewe ndiye aliyezinunua, kitu kipya pekee kilichowahi kuingia chumba kile. Tangu azikwe, miaka mitatu, mjomba hakuwahi kuifungua.

Vumbi lilikuwa limejaa. Akavuta pumzi apulize, akaiacha. Akafuta taratibu kwa pindo la shati.

"Mjomba, hizo hapana."

"Shika tochi."

"Hizo ni zake, mjomba."

"Na wewe ni wa nani?"

Jumatatu nilienda kazini. Kazi nimepata, mashine inaunguruma vizuri, na ndani ya kifuniko changu ule mstari upo, kaunakili kwa mkono wake. Ya kwake haijawaka tena. Zile sita ziko nyuma ya mlango. Mjomba siku hizi anauza chaja na makava ya simu. Nikipita, ananyanyua kava, anafumba macho: "Mfupa." Nacheka, kwa sababu anataka nicheke. Nikivuka kona naacha.

Mnaniandikia kila wiki kwenye ukurasa huu: nataka kompyuta kali na hela yangu ndogo, nifanyeje? Zamani nilikuwa nawaelekeza kwa mjomba. Sasa sina pa kuwaelekeza. Nawajibu tu tunzeni mlizonazo.

Ila naomba kitu. Kama unayo mashine ya kuungaunga, ifungue leo, angalia ndani ya kifuniko, halafu tuandikie hapo chini vipande vyako vilikuwa vya nani na aliyekuungia ni nani. Kama hajaandika, mpigie umuulize. Nitamsomea mjomba zote. Na jina lako la utani la aibu weka pia, Jino asiaibike peke yake.